Mashine ya Baba Ilivyogawanywa Matangani

Ipo Jumapili moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na leo umeichokonoa mwenyewe kwa kunionyesha hiyo picha kwenye simu yako. Mashine ya gemu ya zamani, imelazwa juu ya turubai la mitumba pale sokoni, haina waya, haina kifuniko, na wewe macho yamekutoka utadhani umeokota dhahabu. Unaniuliza, "Mama, nianzie wapi? Na mimi nataka kukusanya za zamani, kama hizo zako za kabatini." Haya. Swali lako zuri, ila jibu lake ni refu na nusu yake ni msiba. Vuta kigoda ukae. Chai ipo kwenye chupa. Na usilipige picha kabati langu wakati naongea, sipendi.

Baba yangu alikuwa fundi redio hapa Morogoro, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Wewe hukuwepo, hukuyaona mambo yale. Tulitoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, mtaa mzima unasikiliza taarifa ya habari kwenye redio ya mtu mmoja. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Loo! Vitu vikamwagika kama mtu katoboa gunia: mashati ya mitumba, pasi, feni, madeki ya video, televisheni zilizochokwa huko Japani na Dubai, wafanyabiashara wanazishusha Dar na kuzileta huku. Vingi vilikuwa vibovu. Watu walikuwa wananunua kitu hata hawajui kinafanya kazi gani, kisha wanampelekea Baba awaambie wamenunua nini.

Ndivyo mashine ile ilivyotufikia. Mfanyabiashara mmoja aliikuta kwenye shehena ya redio, akadhani ni deki ndogo. Baba alipomwambia haichezi mkanda wowote, akasusa. "Baki nayo fundi, toa vipuri." Baba hakutoa vipuri. Aliifungua, akaitazama ndani, akaifunga tena taratibu, akaja nayo nyumbani ameipakata.

Sasa sikiliza hapa, maana hili ni la kukusaidia wewe. Umeme wa Japani si kama wa kwetu. Mashine iliyotoka kule ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa hapa, utasikia harufu tu, basi, umekwisha kuiua. Baba aliifungua adapta yake, akaisuka upya kwa mkono ili ipokee umeme wetu, akaizungushia utepe mweusi. Ilikuwa mbaya kuitazama, imevimba shavu moja, lakini mashine ile ilikubali adapta ile peke yake. Halafu akaanza kutafuta kaseti. Sisemi kaseti za muziki, nasema vile viboksi vya plastiki vinavyochomekwa juu, kila kimoja na gemu yake. Kila mfanyabiashara aliyepita kibandani aliulizwa. Zilikuja moja moja, kwa miezi mingi, na kila iliyokuja Baba aliisafisha meno yake ya shaba kwa pamba na spiriti kabla ya kuichomeka. Mimi nilikuwa napuliza kwa mdomo, kama mnavyofanya wote. Alinichapa kiganja. "Mate yako yana chumvi, Perpetua. Unaitia kutu halafu unasema imeharibika yenyewe." Hata leo sipulizi, na wewe usipulize.

Mama yeye alikuwa muuza ndizi. Kwao Matombo walikuwa wanamshushia mikungu, naye anauza sokoni. Kazi za Baba hakuzijali kabisa, aliziita mavyuma, na kila siku alikuwa anayafagia mavyuma hayo kutoka chini ya kitanda huku ananung'unika. Lakini gemu moja ilimshika. Ilikuwa na watu wawili wadogo, mmoja mwekundu na mmoja wa kijani, wanavuka mito. Hawapigani hao. Mmoja anasimama juu ya jiwe, mlango unafunguka, mwenzake anapita. Akishapita, naye anatafuta jiwe lake asimame ili yule wa nyuma aje. Mtu mmoja peke yake anafika kwenye mlango wa kwanza, basi, hapo ndio mwisho wake.

Mama alikuwa mwekundu. Baba alikuwa wa kijani. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, walikaa kwenye mkeka mbele ya televisheni, Mama kushoto na Baba kulia, na mimi nyuma yao na madaftari yangu ya shule nisiyoyasoma. Ungemsikia Mama! "Baba Perpetua, simama hapo hapo! Usitoke kwenye jiwe!" Naye Baba, "Nenda basi mama, mto unajaa, nitakufa hapa!" Na kweli akazama, na Mama akacheka hadi machozi, kile kicheko ambacho sikumsikia akikicheka sokoni wala kanisani wala popote pengine. Hawakuwahi kuimaliza ile gemu. Kila mara walikuwa wanasema kesho.

Homa ilimchukua Baba wakati wa masika, haraka mno. Asubuhi alikuwa anauliza kama kuna mtu ameleta redio, jioni hajitambui. Tukampeleka Kinole, kijijini kwao mlimani, tukamzika kwenye utelezi, mvua ikinyesha juu yetu na juu yake. Nilikuwa nimemaliza shule mwaka ule.

Wewe na mama yako ni wa kuja hapa, kwa hiyo nikueleze jambo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mimi ni wa Matombo, wa kwao Mama. Baba alikuwa wa Kinole, wa ukoo wa mama yake yeye. Mwanamume akifa, vitu vyake haviji kwa watoto aliowazaa. Vinakwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake, maana hao ndio wa ukoo wake. Siisemi vibaya desturi hiyo. Wajomba zangu walinilea kwa desturi hiyo hiyo, na sikuwahi kulala njaa. Nakueleza tu ili ujue hakuna aliyetuibia.

Baba alikuwa na dada mmoja, Shangazi Tekla, na huyo shangazi alikuwa na wana watatu. Faustini alikuwa seremala hapa mjini. Kaspari alikuwa mkulima kule kule Kinole. Deo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa. Siku ya kuanua matanga, mzee wa ukoo aliketi uani kule Kinole, vitu vya Baba tulivyovipandisha kutoka mjini vimepangwa mbele yake kwenye mkeka. Alikuwa mzee wa haki, sitamsengenya. Ila hakuwahi kuiona ile mashine ikiwaka. Yeye aliona vitu vidogo vidogo vingi, akafurahi kwamba kila mtu atapata. Koti, Faustini. Baiskeli, Kaspari. Viatu vya kanisani, Deo. Kisha akafungua sanduku. Mashine yenyewe, Faustini. Pedi mbili, vile vishikio vya kuchezea, Kaspari. Adapta na waya wa kwenda kwenye televisheni, Deo. Kaseti zote akampa Shangazi Tekla.

Deo, Mungu ambariki, alijikohoza. "Mzee, shikamoo tena. Hivi si huwa vinakwenda pamoja?"

"Hata shati na suruali vinakwenda pamoja," mzee akamjibu. "Marehemu ana wapwa watatu. Nimpe mmoja vyote, wewe uende na nini?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la matanga, na shughuli ikaendelea. Mama alikuwa ndani, mjane, tena wa ukoo mwingine, hana neno pale. Mimi nilikuwa mlangoni, na mimi sina neno. Niliiona mashine ya Baba ikitoka uani kwa mikono minne tofauti, nikauma khanga yangu kwa meno.

Televisheni tu ndiyo ilibaki, kwa sababu Mama aliinunua mwenyewe kwa hela za ndizi na kila mtu alijua. Basi tukarudi kwenye chumba chetu cha kupanga hapa mjini, na jioni vyombo vikaoshwa, na Mama akakaa kwenye mkeka, upande wake wa kushoto, mbele ya kioo cheusi. Mikono mapajani. Nilimsogelea nimpe maji, nikaona vidole gumba vyake vinacheza vyenyewe, vinabonyeza hewa. Hakujua kama namwona. Niliingia jikoni nikalia nikiwa nimefungulia maji ili asinisikie.

Wajomba wakatuma neno kwamba mwisho wa mwezi watakuja kumchukua Mama arudi kwao Matombo, maana kodi ya chumba ingelipwa na nani. Matombo wakati ule hapakuwa na umeme, labda kwa mapadre wenye jenereta. Mimi nikaona sasa ni hivi: kabla Mama hajaondoka kwenye chumba chenye swichi ukutani, lazima ashike pedi yake tena. Mara moja tu. Sikuwa na lingine kichwani, mwanangu. Nilikuwa siwezi kumrudishia Baba, basi angalau nimrudishie kile walichokuwa wakifanya.

Nilianza na Faustini kwa sababu alikuwa karibu. Nilimkuta kwenye karakana yake, kajaa vumbi la mbao. Akanipeleka chumbani kwake. Mashine alikuwa ameitengenezea kishubaka cha mninga, kazi safi kabisa, ameiweka chini ya picha ya Baba na kuifunika kitambaa cheupe. Nikamwambia nimeijia.

"Umeijia kuiona?" akauliza.

"Kuichukua."

Alisimama pale anafuta mikono kwa suruali. Kisha akasema, "Dada, mjomba ndiye alinipeleka kujifunza hii kazi. Ukichukua hii, mimi nitabaki na nini chake? Koti lenyewe halinitoshi."

Nilimjibu ovyo. Nilimwambia boksi bila waya ni tofali tu, na yeye amejenga kanisa kwa ajili ya tofali. Nikatoka. Sikuenda kwa Deo wala kwa Kaspari, nilijua nitajibiwa hivyo hivyo. Niliamua kupanda Kinole kwa Bibi, mama yake Baba, maana yeye akikohoa ukoo mzima unanyamaza. Atawaamuru tu, nikajisemea, nami nitashuka na kila kitu.

Nilifika nimetapakaa matope hadi magotini. Bibi alikuwa kwenye mkeka anaanika pilipili manga, anazitawanya kwa kiganja. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha. Nikaanza. Nilieleza mashine, na pedi, na adapta yenye utepe mweusi, na kaseti, na gemu ya watu wawili, na kwamba wapwa hawajui hata kazi ya vitu walivyopewa. Nilieleza vizuri sana. Bibi anatawanya pilipili manga tu.

"Hicho kikapu kitupu ni cha nini?" akauliza.

"Cha kubebea, Bibi."

"Ehee." Kisha akanitazama, na macho yake yalikuwa bado na wekundu wa kilio, nami nilikuwa sijayatazama tangu nifike. "Tangu umekaa hapo umetaja chuma, na waya, na nini sijui. Hujaniuliza nalalaje. Yule niliyemzika ni mwanangu wa kiume peke yake, Perpetua. Na huyo Faustini unayesema hajui kitu, ulimwona siku ya maziko? Alipiga misumari ya sanduku la mjomba wake mwenyewe kwa mkono wake. Alikuwa anapigilia huku analia, anakosea anapiga kidole. Kaspari hizo pedi zako kazitundika juu ya kitanda chake, mkewe kaniambia. Wanalia kwa walichopewa. Sasa unataka mimi niwanyang'anye watoto wangu, nikutilie kwenye kikapu?"

Nilikosa pa kuweka uso. Nilisema ni kwa ajili ya Mama.

"Najua ni kwa ajili ya mama yako. Ni mkwe wangu, tulikuwa tukielewana. Sasa mbona hukuwaambia hao ndugu zako hivyo? Ulikwenda kuchukua. Nenda ukawaite. Waambie waje kwa mama yako Jumapili baada ya misa, kila mmoja na chake, na wataondoka kila mmoja na chake. Na mimi nitashuka. Huyo aliyekuwa anachekwa na mke wake kila jioni, na mimi nataka kuona alikuwa anachekewa nini."

Basi nikazunguka tena, safari hii bila kikapu. Kaspari alikubali kabla sijamaliza sentensi. Deo nilimkuta kambini kwao, adapta ya Baba imelala kwenye shati safi ndani ya sanduku lake, akaniambia alikuwa anajua tu kwamba mtu atakuja kuiulizia. Faustini nilimwomba radhi. Alinisikiliza, akasema, "Nitaibeba mwenyewe lakini." Nikasema ibebe.

Sasa ndio naifikia ile Jumapili.

Chumba kilijaa. Bibi alishuka na lori la ndizi, akakalishwa kwenye kiti pekee tulichokuwa nacho. Shangazi Tekla na kaseti zake ndani ya mfuko wa rozari. Faustini akafunua kitambaa cheupe, akaweka mashine chini kama anaweka mtoto. Kaspari akachomeka pedi. Deo akaunga waya kwenye televisheni, akaitoa adapta, akanitazama mimi, nami nikamwonyesha tundu. Shangazi akanipa ile kaseti ya mto, nikaichomeka juu. Taa nyekundu ikawaka. Nikazungusha kile kitufe cha kutafuta picha, chengachenga, chengachenga, halafu ule muziki wa mto ukaingia chumbani na Mama akatoka nyuma ya pazia.

Alikuwa amevaa nguo zake nyeusi. Alikaa mkekani, kushoto, akachukua pedi yake, na pale kulia kwake pakabaki wazi, na pedi ya pili imelala chini.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho sikukifikiria hata kidogo. Nani ataishika? Mpwa anarithi vya mjomba wake, nimekwambia. Zamani zile alirithi hata mke. Siku hizo ilikuwa imeshaanza kuachwa, mapadre walishaipigia kelele, lakini wazee walikuwa bado hai na macho yao yanaona. Mpwa akae mahali pa mjomba, bega kwa bega na mjane wa mjomba, mbele ya mama mkwe wa mjane? Niliuona mkono wa Faustini ukienda kwenye ile pedi, ukarudi. Kaspari alitazama dari. Deo akajifanya anakaza waya ambao haukuwa umelegea. Kwenye televisheni mtu mwekundu alishafika mlangoni, amesimama anasubiri. Yule wa kijani yuko ukingoni mwa mto, hata kutingishika hatingishiki.

Nikasogea niishike mimi.

"Wewe kaa," Mama akasema, polepole tu, bila kugeuka.

Muziki unapiga. Ndipo nikasikia kiti kinalia. Bibi alikuwa ameinuka. Akashuka mkekani kwa taabu, goti moja, goti la pili, akakaa pale pa mwanawe na kuinua pedi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sahani.

"Ndiye huyu?" akauliza. "Huyu wa kijani?"

"Ndiye, Mama," Mama akamjibu.

"Anatembeaje?"

Mama akamshika kidole, akakiweka mahali pake. Wa kijani akatembea. Bibi akashtuka, "Yesu wangu, anakwenda!" na watu wakacheka, hata Mama midomo yake ikafunguka kidogo. Akatembea, akafika kwenye maji, akaanguka ndani. Akarudi mwanzo. Mama akamwelekeza, bonyeza hiki, aruke. Akaruka, akaanguka ndani. Ule mlio wa kuzama unaujua wewe, unashuka chini chini. Bibi hakucheka tena. Alijaribu kwa bidii, ulimi umemtoka pembeni, na mara hii alifika kwenye gogo la katikati, Mama anamwambia vizuri, vizuri Mama, njoo, na gogo likageuka.

Bibi akaweka pedi chini.

"Nimeshamzika mara moja," akasema. "Msinifanye nimzamishe tena na tena."

Mama aliachia pedi yake, akamkumbatia. "Pole Mama. Pole Mama yangu." Matangani walikuwa vyumba viwili tofauti, mjane kwake na mama wa marehemu kwake, kila mmoja na wanaomshikilia. Pale ndipo walipolia pamoja kwa mara ya kwanza, kwenye mkeka, miguu yao imejaa nyaya. Faustini alitoka nje. Mimi nilibaki nimesimama, nimeumia, nikimwonea Mama uchungu na Bibi uchungu, na nikiwa siwezi kusema kama nilichowafanyia kilikuwa kizuri au kibaya. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba walikuwa wote mle ndani.

Mama mwenyewe ndiye aliyezima. Akafuta uso kwa ncha ya khanga na kuwaambia, "Asanteni. Kila mtu achukue chake." Wakachomoa taratibu. Tukala ndizi na nyama. Kesho yake wajomba wakaja.

Tuliahidiana tutakuwa tunakutana kila mwaka, masika yakiisha, kila mmoja na chake. Tulikutana mara moja tena, bila Bibi, maana alikuwa ameshamfuata mwanawe. Baada ya hapo Deo alikwenda machimboni. Kaspari shamba lilimbana. Mimi nikapata kazi ya kupiga chapa, nikaolewa, nikawa nasema mwakani. Hakuna aliyegombana na mwenzake, mwanangu. Tuliacha tu. Mama alifariki Matombo, na miaka yote ile hakuniuliza habari ya gemu hata siku moja. Faustini naye hayupo, na mashine imekwenda kwa mtoto wa dada wa mkewe au wa nani sijui, na adapta ya Baba sijui iko mgodi gani. Siitafuti.

Hizi unazoziona kabatini nilizinunua baadaye, watoto walipokua na hela kidogo ikapatikana. Ni nzuri, zinawaka zote, zina maboksi yake. Ninayo hata ile ya watu wawili wa mto. Baba wa watoto wangu hakupenda mambo haya, naye ameshatangulia. Watoto wangu wako Dar na Mwanza, wakija wana simu zao. Jioni huwa naichomeka, namtembeza mwekundu mpaka kwenye mlango wa kwanza. Kisha nazima, nakwenda kulala.

Sasa uliniuliza uanzie wapi. Nitakwambia. Hiyo ya sokoni usiinunue bila adapta yake, na ukipata adapta isiyo yake, mpelekee fundi kwanza aipime, usijaribu mwenyewe. Kaa na mashine moja uijue kabla hujatamani ya pili. Kaseti zisafishe kwa spiriti. Masika yakija zitoe kabatini uzipunge upepo, unyevu wa huu mlima hauna huruma. Muulize anayekuuzia nani alikuwa akiicheza, na akikwambia, kumbuka jina. Ukiona mtu anasita kukuuzia, mwache abaki nayo, umwombe akualike siku moja. Usiende kwa watu na kikapu kitupu kama mimi.

Lakini kabla ya hayo yote, kabla hujanunua hata kaseti moja, nunua pedi mbili. Hao vijana wenzako, ndugu zako, huyo mama yako anayekulalamikia mavyuma chini ya kitanda, mkalishe kulia kwako mwezi huu huu. Asipojua, mfundishe. Akizama, rudieni tena. Mkiwa karibu kumaliza gemu na mmoja akasema tumalizie kesho, wewe kataa, mmalizie siku hiyo hiyo, hata ugali ukipoa.

Nenda basi, jua linazama na mama yako anakusubiri. Mungu akulinde njiani, mwanangu. Akupe macho ya kutambua kizima na kibovu, akupe mikono mitulivu. Akupe na mtu wa kushika hiyo pedi ya pili, na akuachie mtu huyo mpaka mzeeke wote wawili.